Mkono Uliogoma Kwenda Kushoto

Mume wangu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo kwa miaka mingi. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, alichukua mafao yake akaenda Dar kununua mashine ya kusaga. Akarudi na mashine ya gemu: sanduku refu kama kabati, lenye kioo cha televisheni, vitufe sita na mkono wa chuma wenye kirungu chekundu. Mimi niliyekwisha kufagia banda la kusagia nikabaki mdomo wazi.

"Mama watoto, mambo yamebadilika," alisema. "Siku hizi biashara ni huria."

Wateja tulipata, sikatai. Hata madereva wa malori ya mboga kutoka Mgeta walisimama kucheza, kabichi za watu zikinyauka juani. Mwezi wa pili, mkono ukagoma kwenda kushoto. Adui akitokea kushoto, mchezaji amekwisha.

Mume wangu aliupiga kofi. Akaupuliza. Akabandika karatasi: "Kushoto kubovu." Nilipomwambia aufungue, akasema hii ni elektroniki, si mtambo wa kufuma, tusubiri fundi kutoka Dar. Wiki tatu tukamsubiri huyo fundi. Nikachoka hata kusikia akitajwa.

Jumamosi moja mume wangu ametoka, nikachukua bisibisi ya cherehani, nikachomoa umeme, nikafungua ubao. Nilidhani nitakuta maajabu. Nikakuta shina la chuma, springi moja, na swichi nne za plastiki zimelizunguka, kila moja ndogo kuliko kiberiti. Ukisukuma mkono, shina linabonyeza swichi mojawapo: ta! Nikasukuma mbele: ta! Nyuma: ta! Kulia: ta! Kushoto: kimya. Swichi hiyo iliganda kwa soda iliyomwagika, na sisimizi wamejaa humo.

"Unafanya nini?" Mume wangu alikuwa mlangoni.

"Namsubiri fundi wa Dar!" nikafoka. "Wiki tatu, baba watoto! Kumbe ni swichi tu, kama ya taa! Wewe uliyekuwa unafumua mtambo mzima na kuurudishia!"

Akakaa juu ya kreti.

"Kiwandani nikikosea, tulikuwa kumi," alisema. "Hapa nikiharibu, niko peke yangu. Na kilichobaki cha miaka yangu yote ndicho hiki."

Nikampa bisibisi.

Alichomoa swichi ya kitufe cha sita, ambacho hakuna aliyekitumia, akaifunga kushoto. Tukawasha. Nikasukuma kushoto, mtu wa kwenye kioo akaruka juu. Alikuwa amechanganya nyaya za kushoto na za mbele. Yeye akacheka; mimi sikucheka.

"Fungua tena," nikamwambia.

Alifungua mara tatu ndipo ikakaa sawa. Tangu siku hiyo hakuogopa tena kufungua kitu. Alifungua redio ya jirani, akafungua saa ya ukutani, akafungua na pasi yangu, ambayo haikuwa na ubovu wowote mpaka alipoigusa.