Nilivyomcheka Atupele Mbele ya Wenzake

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mvua ya Tukuyu inapiga mabati mpaka salamu tunapeana kwa kupaza sauti. Ningepewa siku moja tu ya maisha yangu niirudie, ningechagua ile. Lakini hairudi, basi nikusimulie wewe, maana umemaliza chuo cha uuguzi juzi tu na karibuni utapangiwa kazi.

Nilikuwa inchaji, mkuu wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya huku kwetu, nimebakiza miaka miwili kustaafu. Siku hiyo tuliletewa muuguzi mpya, binti wa kutoka Kinyala, hapa jirani, anayeitwa Atupele. Alikuwa amesoma miaka ile ya korona. Mchana akaja ofisini kwangu, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mama, naomba nikwambie kitu kabla sijaanza," alisema. "Kitabu changu cha mazoezi kimejaa sahihi, lakini kina mama niliowazalisha kwa mikono yangu ni wawili tu. Tulivyoenda fildi, yale mazoezi ya hospitalini, korona ilikuwa imepamba moto. Barakoa na glovu zilikuwa chache, wanafunzi tukawa tunaangalia kupitia dirishani. Waliotusainia walituonea huruma tu. Naomba unisimamie, hata mwezi mmoja."

Unajua inataka moyo kiasi gani kumwambia hivyo mkubwa wako siku ya kwanza ya kazi? Mimi sikujua. Nilimjibu, "Sawa mwanangu, tutaona," nikaendelea na karatasi zangu.

Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi tulikuwa tumekaa wote, daktari, wauguzi, hata wahudumu wa usafi. Mimi napenda utani, na mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Jamani, mpokeeni mwenzenu. Safari hii tumeletewa mkunga wa dirishani!" Watu walicheka mpaka daktari akavua miwani afute machozi. Kufika saa sita kituo kizima kilikuwa kinamwita Dirishani. Naye alicheka, na kile kicheko chake ndicho kilichonidanganya.

Tangu hapo hakuniuliza kitu tena. Nikimuuliza kama ameelewa, ananijibu, "Ndiyo, mama." Alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Kwa mama yake Kinyala, ambako ni karibu tu, alikuwa hajakanyaga miezi mingi. Wakati wa ugonjwa aliogopa kumpelekea maradhi, na ugonjwa ulipotulia ile hofu ikabaki naye. Haya yote niliyaona kwa macho yangu, mwanangu, nikasema binti huyu ana maringo. Nilikuwa mjinga wa mtu.

Wiki ya sita ikafika. Mchana mmoja mama kutoka Mpuguso alijifungua salama, mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Nilimwachia Atupele amsafishe, nikaenda chumba cha pili kujaza fomu. Damu ikaanza kutoka kuliko kawaida. Atupele akabadilisha kitambaa, akabadilisha tena, akamkanda tumbo kama vitabu vinavyosema, lakini hakuita mtu. Aliyeita ni yule mzazi mwenyewe. "Mamaa! Nakwisha jamani, njooni!"

Nilikimbia, na nilipofika sakafu ilikuwa imeloa. Tulihangaika naye, gari la wagonjwa likampeleka Mbeya, na kwa rehema za Mungu alipona. Lakini ili apone, walilazimika kumtoa kizazi.

Siku ile, gari lilipoondoka tu, nilimgeukia Atupele kwa hasira. "Kwa nini hukuniita? Nilikuwa mlango wa pili tu hapo!"

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Niliogopa mtacheka, mama."

Nilikaa kwenye kitanda kitupu, na aliyenijia akilini ni Sista Ester, mzee aliyenipokea mimi nilipoanza kazi. Mzazi wangu wa kwanza nilimshika tumbo bila kujua natafuta nini. Sista Ester akaweka mikono yake juu ya yangu, akaninong'oneza, "Usiogope, niko hapa." Hadi leo yule mzazi hajui kwamba nilikuwa sijui kitu. Nilitendewa hivyo mimi, na zamu yangu ilipofika nikaona bora nichekeshe watu.

Atupele aliacha kazi mwezi huohuo. Nilimfuata Kinyala kumwomba radhi, nikamkuta na mama yake wanachuma chai. Alinisalimu kwa kupiga goti kama mabinti wa kwetu wanavyofanya, akanipikia, akanifungia na ndizi za kwenda nazo. "Nimeshakusamehe, mama," alisema. "Ila wodini sirudi." Nimekwenda mara tatu. Jibu ni hilohilo, na kila mara ananipikia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usichokijua kiseme, na wakikucheka kiseme tena siku hiyohiyo, kwa sauti kubwa zaidi. Aibu inaumiza, naijua, lakini yako itakwisha kabla ya wiki. Kama miaka ya korona ilikunyima mazoezi, hilo si kosa lako, ila kulificha litakuwa kosa lako. Usijifungie na hofu. Nenda kwenu, kaa na mama yako, kula, lala. Na siku utakapokuwa mkubwa wa wodi, akaja mtoto wa watu akakwambia hajui, hiyo ni amana amekupa. Mfundishe faraghani, na ulizuie hilo domo lako kuliko mimi nilivyolizuia langu.

Mungu akutangulie kazini, akupe wakubwa unaoweza kuwaita. Amkumbuke na Atupele wangu, amwondolee woga niliomtia. Na yule mama wa Mpuguso, nakuomba Bwana, mkuzie huyo mtoto mmoja uliyempa.