Kila Tapeti na Nundu Yake

Saa mbili asubuhi, Mama Tapeti ameinamia injini, midomo ikimcheza. Anasali. Kisha anapaka kamshafti mpya mafuta mazito, nundu baada ya nundu, kwa kidole, kama anayempaka mtoto mchanga.

Kamshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu. Ikizunguka, kila nundu huinua tapeti yake, tapeti hufungua valvu, na injini hupumua. Nundu ikizidi kimo kwa unene wa ukucha tu, gari pole hugeuka simba.

Gari hili ni la marehemu mumewe, aliyemfundisha ufundi. Limekaa juu ya mawe nyuma ya gereji tangu azikwe. Mwaka jana mjane alifungua injini, akapanga tapeti kwenye trei la mayai, kila moja mahali pake. Tapeti na nundu yake huzoeana kama mke na mume, ukizibadilisha, zinatafunana.

Mama mkwe wake aliliona trei, akaingiwa na huruma. Akaziosha tapeti zote, akazirudisha zikimeta, zimechanganyika.

"Nilidhani nakusaidia, mwanangu," anasema mkwe huyo kutoka kiti cha abiria.

"Ulisaidia, mama. Uliosha mpaka kumbukumbu zao."

Wanacheka. Lakini ikabidi anunue kamshafti na tapeti mpya, kwa kujibana mwaka mzima. Muuzaji alimsifia ile kali kuliko zote. Akaikataa.

"Ile inataka mbio tu. Kwenye foleni ingezimazima. Hii ina nguvu, na mama atapanda bila kushika roho mkononi."

Hofu ni uwashaji wa kwanza. Kamshafti ikiwa mpya, injini ikinguruma polepole mno, mafuta hayazifikii nundu vizuri na chuma hula chuma. Hana akiba ya kununua nyingine.

Jioni, injini ikiwa imefungwa, anaketi kwenye usukani. "Mama, funga mkanda."

"Wa nini, na gari liko juu ya mawe?"

Anawasha. Anakanyaga mafuta, hauinui mguu. Spana zinatetemeka ukutani. Mafundi wa jirani wanasogea mlangoni. Anasikiliza kama kuna kugonga. Hakuna.

Hatimaye anainua mguu. Injini inatulia, ikidunda kama moyo. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kutazama, anavua kofia bila kuambiwa.

Mkwe amefumba macho. "Ndivyo mumeo alivyokuwa akiingia uani."

Jumapili, magurudumu yakisharudi, wataliendesha hadi ibadani.

"Nitazima mbali kidogo, tusiwasumbue watu," anasema Mama Tapeti.

"Usizime," anajibu mkwe. "Waache wamsikie."