Leo nimemkana Mshale

Jamani, leo nimemkana mbwa wangu mbele ya bibi.

Mshale ni saluki, mbwa wa kuwindia. Alitupwa jangwani, nikamchukua nimlee. Wembamba ndo maumbile yao, hata akishiba mbavu zaonekana.

Bibi kaja ghafla kutoka mji wa Hail, kamkuta uani.

"Wa nani huyu?"

Nikaogopa khutba ya mbwa na najisi. "Wa jirani, Bibi."

"Jirani gani hamuogopi Mungu? Kamnyima chakula mpaka kabaki mifupa!"

Akampakulia nyama yote ya pilau, kisha akavaa baibui aende akamseme jirani.

Mshale hakuigusa nyama. Kaja kunilalia miguuni, kama kawaida yake.

Bibi akanitazama, akavua baibui.

"Basi huyo jirani nnamjua."

Nimejifungia chumbani kwa haya. Niambieni, nnaanzaje kuomba radhi?

Mshale yuko mlangoni, ananingoja.