Klipu Iliyosalia Dukani

Baba yangu, Kiogora wa Mikinduri, alikuwa fundi wa mabomba, na mwaka 1955 sikusikia fundi mwingine Meru mjini aliyejua kuunganisha jiko la gesi. Nasema hivyo kwa majivuno na kwa hasira pia, maana ndiyo kazi iliyomponza.

Afisa mmoja wa kilimo, Mzungu, alinunua jiko la namna hiyo, na mpishi wake, Mukiri, akampendekeza baba. Ukoo wa Mukiri na wetu ni gichiaro: mtu wa gichiaro akikuomba jambo humkatalii, na kumdhuru ni mwiko kuliko kumdhuru ndugu wa tumbo moja.

Baba alisimamisha mtungi nje ya dirisha, akapitisha mpira mbali na moto, akaukaza kwa klipu upande wa mtungi. Akapaka povu la sabuni, akakodoa macho. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Lakini klipu ya upande wa jiko ilikuwa kubwa mno, na ndogo ilikuwa dukani, Makutano. Akafunga mtungi.

"Gichiaro, usifungue hii mpaka nirudi kesho," akamwambia Mukiri. "Na usijaribu na kiberiti. Gesi inayovuja inatafutwa kwa sabuni."

"Kwani mimi ni mtoto?" Mukiri akacheka.

Jioni afisa alitaka chai upesi. Mukiri akafungua mtungi, akawasha kiberiti. Mapazia yaliteketea, na nyusi zake pia.

Kesho yake alasiri alikuja kwetu, uso umepakwa mafuta, akaketi chini mbele ya baba, analia.

"Nitafukuzwa kazi, Kiogora. Wewe watakugombeza tu. Sema ni wewe ulisahau kukaza mpira. Nakuomba kwa gichiaro."

Mama alimkonyeza baba akatae. Baba akakubali. Mpaka leo namkasirikia kwa hilo, ingawa najua hakuwa na njia.

Jioni hiyo hiyo akaenda polisi mwenyewe, akasema alivyoombwa. Inspekta akafungua faili, akamsomea taarifa ya Mukiri: kwamba Kiogora amekula kiapo cha watu wa msituni, na aliacha mpira wazi makusudi ili Mzungu aungue. Siku zile za Hali ya Hatari, maneno hayo yalitosha kumpoteza mtu.

"Na sasa umekubali kwa mdomo wako," inspekta akasema.

Baba akauliza taarifa hiyo iliandikwa lini.

"Leo. Saa tatu asubuhi."

Alikaa kizuizini miaka minne. Habari za kupasua mawe na za viboko alitusimulia mara moja tu. Hiyo saa tatu ndiyo aliyoirudia mpaka anazeeka. Mukiri alipokuja kulia miguuni pake alikuwa ameshamuuza tangu asubuhi, na bado mama alipompa uji, aliunywa wote.