Bisibisi ya Mwalimu wa Kinanda

Kila Jumamosi alasiri, mwaka ule wa tisini na nne, kiongozi wa bendi ya jeshi alifika nyumbani kwa Ebla, mjini Garissa, kumfundisha bintiye kinanda. Vidole vyake vilikuwa vinene kama vya mchimba visima, lakini viligusa kinanda kana kwamba vinaomba ruhusa. Kijiti chake cha kuongozea bendi kilichungulia mfukoni mwa shati. Sikukuu za taifa, kijiti hicho kikiinuka, tarumbeta thelathini zililia pamoja.

Siku moja wifi yake Ebla, aliyeuona muziki kuwa haramu, alisikika langoni. Ebla akakitupia kinanda shuka.

“Abaayo, dada yangu, huyu nani?” wifi aliuliza akiingia.

“Fundi wa redio,” Ebla alijibu, bila kumtazama mwalimu.

Yule bwana aliisogelea rafu. Aliishusha redio iliyokuwa nzima, akaifungua kwa ncha ya ufunguo, akaipuliza vumbi taratibu.

“Imebona?” wifi aliuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

“Imepona, mama.”

Ebla alikosa pa kuuweka uso.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alipiga hodi saa ileile. Mfukoni mwa shati, mahali pa kijiti, alikuwa amechomeka bisibisi.