Jicho Zima la Mabel

Mabel ana miaka hamsini na minane, na ni fundi cherehani karibu na soko la Newala. Jicho lake la kushoto lilichomwa na mwiba akiwa na miaka sita. Tangu hapo linaona mwanga na vivuli tu. Kazi zote amezifanya kwa jicho la kulia, na wateja wengi hawakuwahi kujua.

Miaka mitano iliyopita kope la jicho hilo la kulia likaanza kulegea. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Lilipofika katikati ya mboni, ikambidi ainue kidevu ndipo aone aliyesimama mbele yake. Shingo ikawa inamuuma. Wakati wa kushona alilivuta kope juu na kulibandika kwa plasta, na jioni akiibandua ngozi inawasha.

Somoe, muuza vitenge ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimletea vitambaa, akaacha kuja. Mabel akasikia anawaambia watu kwamba fundi siku hizi anaringa, anamtazama mtu kwa kidevu. Maneno hayo yalimkera kwa wiki nzima. Mwishowe akaenda kibandani kwa Somoe, akakaa kwenye stuli, akanyoosha shingo sawasawa bila kuinua uso.

"Mama Abuu, nikikaa hivi sikuoni," alimwambia Somoe. "Naona magoti yako tu."

Somoe akamsogelea, akaliinua lile kope kwa kidole gumba na kulitazama. Akauliza hilo jingine lina nini, na Mabel akamsimulia habari ya mwiba. Somoe hakuomba radhi kwa maneno. Alisema kila mwezi humpeleka mama yake kliniki ya sukari hospitalini Ndanda, na safari ijayo watakwenda watatu.

Daktari wa macho, binti mmoja aitwaye Agnes, alimwamkia Mabel shikamoo kabla ya kumpima. Akamuuliza kama kope huzidi kushuka jioni, kama chakula humkwama kooni, kama huona vitu viwili viwili. Akamtaka atazame dari kwa muda mrefu bila kupepesa. Aliporidhika kwamba si ugonjwa wa mwili mzima, akamweleza kuwa msuli unaonyanyua kope umelegea kwa umri na kuachia mahali ulipojishika. Upasuaji unaweza kuukaza, kwa ganzi tu, bila kumlaza usingizi. Ila mara nyingine baada ya hapo jicho halifumbi vizuri, linakauka, na likikauka sana kioo chake hupata vidonda. Njia nyingine ni miwani yenye kijiwaya cha kulishikilia kope.

"Mwanangu, ningekuwa mama yako mzazi ungeniambia nini?" Mabel aliuliza.

"Ungekuwa na macho mawili ningesema tupasue," Agnes alisema. "Kwa hili moja, anza na waya. Upasuaji haukimbii."

Mumewe Cuthbert, anayelima korosho Mnyambe, alifurahi kusikia hivyo, maana habari ya kisu kwenye jicho pekee linaloona ilimnyima raha. Basi Mabel akapeleka miwani yake kwa Rajabu, fundi wa vyuma mwenye karakana pale Ndanda. Rajabu alikunja waya mwembamba kufuata mviringo wa kope, akaulehemu ndani ya fremu, akaulainisha kwa msasa. Ilimchukua majaribio matatu. Mara mbili za kwanza waya ulimchoma Mabel.

Siku ya kwanza ya kushona na miwani ile, Mabel aliona kwamba pindo za sare alizomaliza wiki iliyopita zilikuwa zimepinda. Akazifumua zote. Aliona pia mvi za Cuthbert, na vumbi juu ya kabati. Lakini waya ulimruhusu saa tatu tu kwa siku. Baada ya hapo jicho lilichonyota, akaivua na kutia dawa ya matone, na kope likarudi chini.

Alikaa hivyo mwaka mmoja na miezi minne. Kisha akamwambia Cuthbert kwamba amechoka kuona kwa zamu, anataka wapasue. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu Cuthbert akakata tiketi mbili za basi.

Upasuaji haukufika saa moja. Alisikia mkasi, akasikia daktari akimwambia afumbue, afumbe, afumbue tena, ili apime urefu wa kope kabla ya kufunga nyuzi. Walipotoa bandeji kesho yake uso ulikuwa umevimba, lakini alimwona nesi mzima, kuanzia kofia hadi viatu, bila kusogeza kichwa. Akaomba apewe kiti akae.

Sasa anashona kutwa. Kope limekaa chini kidogo kuliko la mtu mwingine wa umri wake, na jicho halifumbi lote, kwa hiyo hupaka marhamu kila anapolala. Cuthbert bado hajazoea. Mchana akimkuta amejilaza humsimulia bei ya korosho, habari za jamaa wa Chilangala, mpaka agundue kwamba mwenzake amelala zamani.