Mbuzi Niliyempima kwenye Simu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa huduma ya mifugo pale Beni alinikabidhi koti jeupe, kipimajoto na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Kipimajoto cha mnyama hakiwekwi mdomoni; kinaingia nyuma, na mwenye kukiingiza husimama kando. Hilo la kusimama kando aliniambia baada ya teke. Nilirudi nyumbani nikichechemea, na kazi nikaipenda siku ile ile.

Baadaye nikapelekwa Kasindi, mpakani, kukagua mbuzi waliopakiwa kwenye malori. Unatazama ufizi, unapapasa ngozi, unainua kila mguu na kuchungulia kwato, ndipo unaandika cheti cha afya. Mwisho nikahamishiwa ofisi ya Butembo, nikapewa kiti chenye mto, na uvivu ukanipata.

Wakati huo mji mzima ulikuwa na mbuzi mmoja kwenye simu. Mchekeshaji fulani, mtu mpole kabisa, alimvalisha tai na kumpigia muziki, naye mbuzi akacheza kwa miguu yote minne kama bwana harusi. Mimi mwenyewe nilimtazama mara tano nikijifuta machozi ya kicheko. Mchekeshaji alipotaka kumwonyesha kwenye sherehe ya parokia, akaja kuomba cheti. Niliinuka kuchukua koti, mkuu wa ofisi akanizuia.

"Docta, ule mbuzi batu bote balisha kumuona. Utaenda kupima nini tena?"

Nikaona anasema kweli. Nikafungua simu, nikatazama mara ya sita, nikaandika: mchangamfu, miguu mizima. Nikapiga muhuri.

Siku ya sherehe niliketi mstari wa mbele, karibu na padri. Muziki ukaanza, mbuzi akaruka, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha nikasikia harufu ya kwato inayoungua. Nikapanda jukwaani, nikafunua kitambaa kilichozungushiwa pale alipochezea. Mbuzi alikuwa amefungwa juu ya bati, na chini ya bati kulikuwa na mbabula iliyojaa makaa mekundu. Nikamwinua mguu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, kwa sababu cheti changu kilikuwa kimebandikwa pale pale, muhuri wazi.

"Docta, ni kazi tu," mchekeshaji alisema taratibu. "Alisha kuzoea."

"Donc toa viatu, upande weye."

Akalitazama bati. Hakupanda. Wala hakuna aliyecheka tena, na mimi ndiye niliyekuwa nimecheka kuliko wote. Nikakichana cheti mbele yao, nikamfungua mbuzi, nikaondoka naye. Mkuu wa ofisi aliniandikia barua ya onyo kwa kuharibu sherehe.

Sasa nimestaafu, na mbuzi anakaa kwangu, kwato zimepona. Watu bado wanakuja na simu zao, wanapiga muziki, wanangoja. Yeye anacheua tu. Juzi mama mmoja aliyetoka Eringeti alingoja mpaka akachoka.

"Mais papa, hachezi tena?"

"Hapana, mama. Hata ile siku hakukuwa anacheza."